Chartwell, Kent: nyumba iliyolipiwa kwa kalamu

Wengi wanaokwenda Chartwell, nyumba ya Winston Churchill, huwa wanamtafuta yule Waziri Mkuu wa vita: sigara nene, kofia, vidole viwili hewani. Hao wamekosea nyumba. Kuanzia 1939 hadi 1945 hapa palikuwa karibu mahame. Maziwa yake yalionekana mno kutoka angani, kwa hiyo yalifunikwa matawi na vichaka ili marubani wa Kijerumani wasiyatumie kama alama, na mwenye nyumba akawa analala London au Chequers, makazi ya shamba ya Waziri Mkuu. Anayetaka vita ashuke Churchill War Rooms, handaki la Westminster. Anayetaka alikozaliwa aende kasri la Blenheim, Oxfordshire, na akiwa huko afike Bladon, kijiji cha jirani lilipo kaburi. Chartwell ni karakana ya mwandishi ambaye kazi yake nyingine ilikuwa siasa. Ukiingia na jicho hilo, ni nyumba ya mwandishi inayosomeka vizuri kuliko nyingi za Uingereza. Ukiingia na jicho la vita, utatoka umeona bustani nzuri na viti vya zamani.

Mlezi wa nyumba ni National Trust, shirika linalotunza majumba na mandhari ya kale. Huduma yao ni ya kiwango cha juu na wasimulizi wa kujitolea wanaijua kazi. Upungufu uko kwenye simulizi. Inaeleza vizuri alichokula, alichovaa na nani alikuja kumtembelea, lakini hesabu za fedha, ambazo ndizo zinazofungua kila mlango wa nyumba hii, mgeni anaachiwa azidokoe mwenyewe. Tuanze nazo.

Hesabu

Churchill aliinunua Septemba 1922 kwa pauni 5,000, akiwa Waziri wa Makoloni. Fedha zilitoka sehemu mbili: urithi kutoka kwa ndugu aliyekufa kwenye ajali ya treni huko Wales mwaka 1921, na mapato ya kitabu chake kikubwa cha historia ya Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kilikuwa bado mezani. Mkewe Clementine alikuwa ndiyo kwanza anajifungua mtoto wao wa mwisho, Mary, na hakuambiwa mpaka biashara ilipokwisha. Aliogopa gharama, na woga wake ulikuwa na macho. Msanifu Philip Tilden alipoanza kubomoa alikuta unyevu kwenye kuta na mbao zilizooza, na ukarabati ukameza zaidi ya mara tatu ya bei ya kununulia. Familia ilihamia 1924.

Hapo katikati siasa ilimtupa. Oktoba 1922 serikali ilianguka, akapasuliwa kidole tumbo, na Novemba wapiga kura wa Dundee wakamnyima kiti. Baadaye alitania kwamba ghafla alijikuta hana wizara, hana kiti, hana chama na hana kidole tumbo.

Safari yake ya vyama inachanganya watu wengi, kwa hiyo ishike hivi kabla hujafika. Aliingia Bungeni 1900 kwa tiketi ya Conservative, jimbo la Oldham. Tarehe 31 Mei 1904 alivuka ukumbi akakaa na Liberal, kwa sababu ya ugomvi wa ushuru wa forodha. Aliwatumikia Liberal kama naibu waziri, waziri wa biashara, wa mambo ya ndani, na wa jeshi la majini, mpaka janga la Gallipoli, uvamizi wa Uturuki ulioshindwa, lilipomwangusha 1915. Mwaka 1924 alirudi Bungeni kupitia Epping akiungwa mkono na Conservative, na Waziri Mkuu Baldwin akampa Hazina, jambo lililowakera wanachama waliokuwa hawajamsamehe. Mwaka uliofuata akawa mwanachama kamili tena. Akawa kiongozi wa chama Oktoba 1940, miezi mitano baada ya kuwa Waziri Mkuu. Mtu aliyekihama chama na kukirudia ndiye leo anayetundikwa ukutani kama sura yake.

Sasa weka mishahara kando ya hayo. Alipoingia Bungeni wabunge hawakulipwa chochote. Kuanzia 1911 walipata pauni 400 kwa mwaka. Waziri wa Fedha alipata pauni 5,000, lakini kazi hiyo ilidumu mpaka 1929 tu, na baada ya hapo alikaa miaka kumi bila wizara. Miaka hiyo kumi ilikuwa na watoto, watumishi wa ndani, watunza bustani, makatibu muhtasi, shampeni, na nyumba hii inayovuja fedha kama pakacha. Soko la hisa la New York lilipoporomoka Oktoba 1929, lilimchotea zaidi ya pauni 10,000. Kilichobaki ni kalamu.

Kalamu ilikuwa imeshazoea. Kabla ya kuingia Bungeni alikuwa mwanajeshi na mwandishi wa habari kwa wakati mmoja, mpangilio ambao majenerali waliuchukia: Cuba 1895, mpaka wa kaskazini-magharibi wa India 1897, Omdurman, Sudan, 1898, Afrika Kusini 1899 ambako Makaburu walimkamata naye akatoroka gerezani Pretoria. Kila vita ilizaa makala, na baada ya Cuba makala yakawa kitabu. Mwaka 1906 akatoa wasifu wa baba yake, Lord Randolph, kwa juzuu mbili. Utaratibu huo wa kuuza safari moja mara mbili ndio alioutumia pia Afrika Mashariki, kama tutakavyoona.

Kufika

Chartwell iko kilomita 3 hivi kusini mwa mji mdogo wa Westerham, magharibi mwa Kent. Haina stesheni. Za karibu ni Edenbridge (kilomita 6.5 hivi), Edenbridge Town, Oxted (kilomita 8) na Sevenoaks (kilomita 10). Kwa anayetoka katikati ya London, Oxted hufikiwa kwa treni za Victoria au London Bridge, na Sevenoaks kwa za Charing Cross au London Bridge. Sevenoaks ina treni nyingi zaidi na teksi hupatikana kwa urahisi zaidi, kwa hiyo asiye na gari aichague hiyo ingawa ndiyo ya mbali. Kosa la kawaida ni kushuka Edenbridge kwa sababu ramani inasema ni karibu, kisha kukuta stesheni ndogo isiyo na teksi hata moja. Agiza teksi kabla hujapanda treni, na uagize ya kurudi papo hapo, kwa sababu saa ya kufunga kila mtu huitafuta kwa wakati mmoja.

Basi 246 hutoka Bromley hadi Westerham. Jumapili za kiangazi limekuwa likisogezwa mpaka Chartwell yenyewe, ila ratiba hiyo hubadilika na inafaa kuhakikishwa wiki unayosafiri. Kutoka Westerham unaweza kutembea kwa njia za msituni. Ni mwinuko, na mvua ikinyesha ni tope la kuzamisha kiatu. Usipite barabarani: ni nyembamba, ina kona, na magari hayakutarajii. Ukishukia Westerham angalau tazama uwanja wa katikati ya mji, palipo na sanamu ya Churchill aliyekaa, kazi ya Oscar Nemon. Jiwe la chini ni zawadi kutoka Yugoslavia ya Tito. Mkomunisti kumkalisha Mhafidhina kwenye jiwe lake ni jambo la kutazamwa.

Mwenye gari atumie M25, atoke makutano ya 5 au 6, apite Westerham. Maegesho ni ya kulipia kwa wasio wanachama wa National Trust. Wanachama huingia na kuegesha bure, na familia ya watu wanne itakayozuru nyumba tatu au nne kwa mwaka hupiga hesabu ikakuta kadi ya mwaka inalipa.

Tiketi za ndani ya nyumba zimekuwa zikitolewa kwa saa maalumu, tofauti na bustani unayoingia na kutoka upendavyo. Hapa ndipo wageni wengi huharibikiwa: wanafika mchana Jumamosi ya Julai, wananunua tiketi wakidhani ni ya kila kitu, kisha wanaambiwa nafasi za ndani zimekwisha. Chukua nafasi ya ndani kwanza, panga chai na bustani kuizunguka. Majira ya baridi nyumba hufungwa au hufunguliwa nusunusu huku bustani ikibaki wazi, hivyo usimpeleke mgeni wako wa kutoka Dar mwezi Januari kabla ya kuthibitisha. Begi kubwa la mgongoni litabaki nje. Eneo lote liko kwenye mteremko, na ndani kuna ngazi. Mwenye kiti cha magurudumu apige simu mapema aulize sehemu zipi zinafikika siku hiyo.

Ndani

Jambo la kujua kabla ya kuvuka kizingiti: vyumba hivi vimepangwa, havikuachwa tu. Churchill alitoka hapa mara ya mwisho Oktoba 1964 na akafia London tarehe 24 Januari 1965. Clementine hakutaka kuendelea kuishi hapa, akawaachia mara moja National Trust, waliokuwa wamiliki tangu 1946. Yeye, bintiye Mary, na Grace Hamblin, aliyekuwa katibu muhtasi tangu 1932, wakasaidia kuvirudisha vyumba katika sura ya miaka ya 1930, na mwaka 1966 milango ikafunguliwa kwa umma. Unachokiona, basi, ni picha ambayo familia ilitaka ibaki. Si uongo, lakini fremu imechaguliwa.

Maktaba na sebule hupitwa kwa dakika kumi. Sebuleni usikose mchoro wa Monet wa daraja la Charing Cross, zawadi ya Emery Reves, ambaye ndiye aliyekuwa akiuza makala za Churchill kwenye magazeti ya Ulaya miaka ya 1930. Zawadi hiyo ni ya wakala kwa mwandishi, na wengi hupita wakidhani ni urithi wa kitajiri. Jogoo wa kioo wa Lalique ni wa de Gaulle kwa Clementine. Vyumba vya maonyesho vina sare, zile suti za zipu alizovaa wakati wa vita, na nishani ya Nobel ya Fasihi ya 1953. Nishani hiyo na mamia ya vitu vingine vilikuwa vya familia, vikiwa hapa kwa mkopo, mpaka National Trust walipoanza mwaka 2016 kuchangisha pauni milioni 7.1 ili visiondoke. Nobel yenyewe hakwenda kuipokea. Alikuwa Bermuda kwenye mkutano na Eisenhower, Clementine akaenda Stockholm badala yake.

Tenga muda wako kwa ajili ya chumba cha kazi, ghorofani. Tilden alitoa dari ya chini na kuziacha wazi boriti za kale. Aliyekulia Lamu au Unguja atainua macho mara moja, ila hizi si mikoko, na upana wa chumba unaonyesha hivyo. Kwenye boriti imening'inia bendera ya Uingereza iliyopandishwa Roma Juni 1944. Mezani kuna sanamu ndogo za Napoleon na Nelson. Wageni hupiga hatua mbili, wanatazama bendera, wanatoka. Kaa. Tazama meza ndefu iliyoinama, ya kusimamia, iliyo pembeni. Hiyo ndiyo mashine kuu ya kiwanda.

Kazi ilikwenda hivi. Asubuhi, kuanzia saa mbili hivi, alibaki kitandani na magazeti, barua na karatasi mpaka karibu saa tano. Chakula cha mchana kilikuwa kirefu. Kisha bustani au matofali. Saa kumi na moja jioni alilala usingizi kamili, si wa kitini, kisha akaoga. Chakula cha usiku saa mbili na nusu. Kazi ya kuandika ilianza wageni walipokwenda kulala, yapata saa tano usiku, ikaendelea mpaka saa nane au tisa. Hakuandika kwa mkono. Alitembea huku na huko chumbani akinuizia sentensi, akizijaribu kwa sauti ya chini kwanza, na katibu akazipiga moja kwa moja kwenye taipureta iliyochaguliwa kwa kutokuwa na kelele. Ndiyo maana nathari yake inasikika kama hotuba: ilizaliwa mdomoni.

Nyuma yake walikuwepo vijana wasomi wa kutafuta nyaraka. Kwa wasifu wa mhenga wake, Duke wa Marlborough, juzuu nne kati ya 1933 na 1938, alianza na Maurice Ashley kutoka Oxford, na baadaye akaja Bill Deakin. Wao walileta hoja na ushahidi, yeye akazigeuza hadithi. Mswada ulipelekwa kupangwa herufi mapema mno, na prufu, yaani kurasa za majaribio, zikarudi zikatandazwa kwenye meza ile ya kuinama ili aone kurasa nyingi kwa pamoja, akazichinja kwa wino mwekundu. Zikarudi kiwandani, zikaja tena, akazichinja tena. Mwandishi yeyote wa leo atajua ubaya wake: kurekebisha kwenye prufu ni ghali kuliko kurekebisha rasimu, na wachapishaji walilia. Yeye aliona kwamba hawezi kujua sentensi kama inasimama mpaka aione imechapwa.

Meza yenyewe si ile ya miaka ya 1930. Hii ni zawadi ya watoto wake ya 1949. Ni vizuri kulijua hilo kabla hujamweleza mwenzako kwamba kitabu fulani kilisahihishwa juu yake.

Je, kalamu ilitosha? La. Mwaka 1937 na 1938 nyumba ilikaribia kuuzwa. Iliyomwokoa 1938 ilikuwa mifuko ya Henry Strakosch, mfadhili mzaliwa wa Austria, aliyebeba madeni yake ya hisa. Baada ya vita, akiwa ameshindwa uchaguzi wa 1945, hali ilirudi palepale, na safari hii mmiliki wa gazeti la Daily Telegraph, Lord Camrose, aliwachangisha matajiri wenzake. Mwaka 1946 waliinunua Chartwell kwa pauni 50,000 na kuikabidhi National Trust, kwa sharti kwamba Churchill aishi humo mpaka kufa kwa kodi ya pauni 350 kwa mwaka. Gazeti hilohilo la Camrose likapata haki ya kuchapa kumbukumbu zake za vita. Nani alimnunua nani, mgeni aamue mwenyewe. Kumbukumbu hizo, juzuu sita kuanzia 1948, zilitengenezwa na timu ya Deakin, Jenerali Ismay, Jenerali Pownall na wengine, kwa kutumia nyaraka za serikali alizopewa ruhusa ya kuzitumia huku maofisa wakizipitia kwanza. Ndizo zilizomaliza umaskini wake kwa mara ya kwanza maishani, naye alikuwa amevuka miaka 70.

Ukiwa bado ndani, muulize msimulizi kuhusu Juni 1953. Alikuwa Waziri Mkuu tena, tangu Oktoba 1951. Tarehe 23 alipata kiharusi, akaletwa hapa siku mbili baadaye, na wenye magazeti watatu, Camrose, Beaverbrook na Brendan Bracken, wakakubaliana taifa lisiambiwe. Wasimulizi hufunguka zaidi wakiulizwa swali lenye tarehe. Ukisema tu "nieleze habari za Churchill" utapewa paka.

Paka, basi, kwa ufupi: anaitwa Jock, wa rangi ya chungwa mwenye kifua na soksi nyeupe. Familia iliomba daima awepo mmoja wa aina hiyo, na yupo. Watoto watamtafuta. Wape dakika tano.

Nje

Ukuta wa bustani ya mboga ndio kitu cha nje kinachostahili kutazamwa kwa karibu kuliko waridi. Sehemu kubwa yake aliijenga mwenyewe kati ya 1925 na 1932, na mwaka 1928 akachukua kadi ya chama cha wafanyakazi wa ujenzi, jambo lililowachekesha waashi wengi na kuwaudhi wengine, maana miaka miwili nyuma, wakati wa mgomo mkuu, alikuwa adui yao serikalini. Fundi atakayepitisha jicho kwenye mistari atakubali kwamba kazi si mbaya, ingawa si ya fundi wa kulipwa. Mwaka huo wa 1928 alimwandikia Baldwin kwamba kwa siku anapanga matofali 200 na maneno 2,000. Matofali yalikuwa mapumziko ya maneno, na usipouona ukuta hutaielewa ratiba ya chumba cha juu.

Studio ya uchoraji iko chini ya mteremko. Alianza kuchora 1915, baada ya Gallipoli kumvunja. Alichora zaidi ya picha 500, na hapa kuta zimejaa kutoka chini hadi juu. Thamani yake kisanaa ni ya wastani, tuseme kweli. Bora ni zile za maji na mwanga, ambako hakujaribu kuchora watu. Mirija ya rangi na kiti vimeachwa mahali pake. Studio ni ndogo na hujaa haraka, hivyo iendee mapema au mwishoni, kamwe si saa sita hadi saa nane mchana.

Kisichosimuliwa

Kwa msomaji wa Kiswahili hapa ndipo penye pengo. Kabla ya Chartwell kuna Mombasa. Oktoba 1907, akiwa naibu waziri wa makoloni, wakati huo Liberal, alishuka kwa manowari ya Venus akiwa na katibu wake Eddie Marsh, mjomba wake wa ndoa Gordon Wilson, na mtumishi George Scrivings. Alipanda reli ya Uganda akikaa kwenye benchi lililofungwa mbele ya injini, akawinda karibu na stesheni ya Simba, akazunguka pande za Mlima Kenya, akavuka ziwa kutoka Kisumu hadi Entebbe, akakutana na Kabaka Daudi Chwa aliyekuwa mtoto wa miaka 11, akateremka na Nile mpaka Khartoum, ambako Scrivings alifariki. Jinja aliyatazama maporomoko ya Ripon na kuona umeme unaopotea. Bwawa la umeme la Owen Falls, jirani na hapo, lilizinduliwa 1954, yeye akiwa Waziri Mkuu. Safari hiyo ya kiserikali aliiuza kwa jarida la Strand, kisha mwishoni mwa 1908 ikatoka kama kitabu, My African Journey, kwa wachapishaji Hodder & Stoughton. Nyumba na meza hazikuwepo bado, lakini mtindo ulikuwa uleule.

Akaja kuwa Waziri wa Makoloni 1921 na 1922, na Januari 1922 aliwahakikishia walowezi kwamba nyanda za juu za Kenya zitabaki za Wazungu. Oktoba 1952 hali ya hatari ilipotangazwa Kenya, serikali ilikuwa yake. Miaka ya 1930, ndani ya chumba hichohicho chenye boriti, aliandika dhidi ya Hitler na pia dhidi ya India kujitawala, kwa ukali uleule. Septemba 2020 National Trust walitoa ripoti kuhusu majumba yao na historia ya ukoloni, Chartwell ikiwamo, na wabunge kadhaa wa Conservative wakawaka. Tangu hapo shirika linatembea kwa tahadhari kwenye suala hili, na tahadhari hiyo inaonekana: nguvu ya simulizi iko kwenye familia, bustani na onyo kuhusu Ujerumani. Si sababu ya kutokwenda. Ni sababu ya kwenda ukiwa umesoma.

Mkahawa unaitwa Landemare, kwa heshima ya Georgina Landemare, mpishi wao wa wakati wa vita. Chakula ni cha kawaida cha National Trust: supu, keki, chai nzuri, foleni ndefu saa saba mchana. Kubeba chapati na thermos na kukaa kwenye nyasi kunaokoa fedha na dakika arobaini.

Ratiba inayofaa: ingia nyumba kwa nafasi ya kwanza ya siku, tumia saa moja na nusu huku nusu ya muda huo ikiwa chumba cha kazi na maonyesho, kula kabla ya saa sita, kisha ukuta, studio, maziwa. Jumla saa nne. Chini ya saa tatu utakimbia.

Dukani, kama unanunua kitabu kimoja, chukua My Early Life cha 1930. Kiingereza chake ni chepesi, kinachekesha, na kinaeleza jinsi kijana aliyeshindwa shuleni alivyojifunza sentensi. Kile cha Afrika Mashariki utakitafuta zaidi kwenye maduka ya vitabu vya mtumba, na hapo uwe mwangalifu. Toleo la 1908 lina picha 61, zilizopigwa na Churchill mwenyewe na Gordon Wilson, pamoja na ramani tatu. Matoleo mengi ya bei nafuu yamechapa maneno tu. Fungua katikati kabla ya kulipa: usipokuta picha wala ramani, kirudishe rafuni.